Ugomvi wa Mwaka 1978

Mimi hapa Malaba, upande wa Uganda, sina ugomvi na mtu, isipokuwa mke wangu, na ugomvi wenyewe ni wa mwaka 1978.

Wajukuu wanadhani tunagombania shamba. Shamba gani! Tunagombania bendi ya Simba Wanyika. Mwaka huo Omar Shabani wa gitaa la rithim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu walimwacha Wilson Kinyonga na nduguye George, wakaenda kuanzisha bendi yao, wakaiita Les Wanyika. Mimi nasema waliondoka vibaya. Mama Zaituni anasema mtu akichoka, amechoka. Nikimuuliza amejuaje kama walichoka, naye hajawahi kuvuka mpaka hata kufika Bungoma, ananijibu kwa jina la wimbo wao uliovuma kuliko zote: Sina Makosa. Halafu anaendelea kuchambua mchele.

Miaka zaidi ya arobaini sasa, kila kesi ya nyumba hii inaishia hapo. Posho, ugali wetu, imeungua: Sina Makosa. Mbuzi kaingia kwenye mihogo ya jirani: Sina Makosa. Bendi nyingine zikivunjika huacha nyimbo. Hii imemwachia mke wangu wakili.

Na mimi hizo santuri nilizitolea jasho, jamani. Siku za Amin tulikaa Mbale, na kijana wa Mbale alikuwa na kazi moja, magendo. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa, na kahawa ya Mlima Elgon ikawa inavuka usiku kwenda Chepkube, upande wa Kenya, badala ya kusubiri bei ya serikali. Nusu gunia kichwani, kimya, hata kukohoa ni kosa. Wenzangu walirudi na sabuni, sukari na chumvi. Mimi nilirudi na Simba Wanyika. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliipokea ile santuri, akaigeuza, akainusa, akaniuliza hii inafulia nguo au inatiwa kwenye chai?

Sikuwa na jibu. Hata santuri yenyewe tulikuwa hatuna pa kuipigia. Ilibidi niibebe hadi kwa jamaa mmoja mwenye gramafoni, naye kila wimbo alinitoza sigara moja.

Lakini hebu fikiria. Ndugu wawili waliokulia muziki Tanga, kwenye Jamhuri Jazz, wakaja wakapigia Kenya, na anayekosa usingizi kwa ajili yao ni mtu wa Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika: reli wakagawana, ndege wakagawana, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mimi nikajisemea, wacha waheshimiwa wagawane mabehewa, Jumuiya yangu imebaki kwenye magitaa. Mwaka uliofuata magitaa nayo yakagawanwa! Nikaanza kujishuku. Pengine mkosi ni mimi.

Tena wangegawanyika mara moja tukalia yakaisha. Wapi! Mara mwimbaji Issa Juma naye huyo na Super Wanyika Stars wake. Kila aliyetoka nyumbani alitoka na jina la ukoo, kama watoto wa mzee tajiri. Sasa fundi redio kama mimi, senti zangu za kuhesabu, kila wakikosana Nairobi lazima ninunue kanda nyingine Malaba? Kuna aliyewahi kumuuliza shabiki?

Siku hizi ufundi wenyewe umekufa. Redio ya flashi ikiharibika watu wanatupa, wananunua nyingine. Juzi kaja kijana wa boda boda, ana kikadi kidogo kama ukucha, anasema, "Mzee, humu nyimbo za zamani zote zimo." Nikabonyeza. Inaimba Simba, imeandikwa Les! Nikamwambia mwanangu, huu ni uchochezi, mke wangu akiuona huu ataenda nao mahakamani. Akacheka, akawasha pikipiki akaondoka, hata soda hakuninunulia.

Kanda yangu mimi bado ninayo. Mwaka fulani redio iliitafuna, nikakata kipande kama urefu wa kidole kilichojikunja, nikaunga kwa gundi ya karatasi, nikairudisha kwa kalamu, taratibu, pumzi nimeibana. Tangu hapo solo ya Wilson ikifika mahali fulani inaruka, kama mtu aliyekanyaga shimo. Nimezoea kuruka nayo. Nikiusikia wimbo huohuo mzima kwenye simu ya mjukuu, nafsi yangu inaniambia hawa wameuharibu.

Na usiniambie wangerudiana. Jumuiya ilifufuka, sawa, marais walikaa wakatia saini mwaka 1999, ikaanza kazi mwaka 2000. George alikuwa ameshakufa tangu 1992, na Wilson tangu 1995. Nani atie saini?

Habari za Wilson zilitufikia betri zikiwa zimekwisha. Nilikaa barazani sina la kufanya. Mama Zaituni, mtu wa Les Wanyika huyu, mpinzani wangu, akazitoa zile betri nne bila kusema neno, akazing'ata moja moja, akazipanga juu ya bati juani, akakaa akizilinda kuku wasiziangushe. Jioni zikawa na nguvu ya upande mmoja wa kanda. Tukasikiliza wote. Solo ilipofika kwenye shimo, tukaruka pamoja.

Kulipokucha nikamwambia kwa upole kabisa, unaona sasa, Mama Zaituni, lile kundi lako lisingewakimbia wale ndugu mwaka ule…

Akavuta ungo.