Visiwa vya Mbita uvione na kasia, sio na injini tu

Mimi ni wa Nakuru, na ziwa letu kule nyumbani unaliangalia ukiwa kwa gari, sasa nikisema nimepiga kasia Lake Victoria ndugu zangu wanacheka. Wacha wacheke. Nimerudi juzi kutoka kisiwa cha Takawiri, mabega bado yanauma, na msimamo wangu ni kwamba kama ulizungushwa visiwa na spidiboti ukapiga picha ukarudi, hujaona kitu.

Sijasema boti ni mbaya, bila boti hufiki. Kutoka Kisumu tulienda mpaka Luanda Kotieno, feri ikatuvusha Mbita, halafu pale bichi tukaingia boti ya abiria, ile ndefu ya mbao, ndani magunia ya unga, kreti za soda, kuku wawili wamefungwa miguu, na mama mmoja aliyelala safari nzima kana kwamba yuko kwake sebuleni. Laifu jaketi zilikuwepo lakini nusu ya watu walikuwa wamezikalia. Nilipovaa yangu rafiki yangu akaniambia nakaa mtalii. Sawa, mtalii, lakini mtalii anayeelea! Hilo ziwa ni zaidi ya kilomita mraba 68,000 jamani, na mnalikalia jaketi ndio matako yasiumie?

Rusinga siku hizi unaenda na gari, kuna daraja, zamani lilikuwa tuta tu limeziba maji yasipite. Kaburi la mwanasiasa Tom Mboya liko huko, na huko huko ndiko mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, jamii ya sokwe wa kale, mwaka wa 1948. Nenda. Mfangano pia nenda, panda mpaka kwa ile michoro ya kale ya miamba, miduara myekundu na myeupe, na ubebe maji kwa sababu mlima wenyewe hauna huruma.

Lakini kayaki sasa, kale kaboti kembamba ka kupiga kasia. Ile niliyokodisha ilikuwa ya plastiki, rangi ya machungwa imepaushwa na jua, na kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba maji yanateremka na kasia yanakuja kukuingia mapajani kila ukipiga, kwa hivyo simu iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, usijidanganye. Baada ya dakika kumi nikaacha kupigana na maji. Nikapita karibu na jiwe moja nikaona kenge ameota jua, mrefu kama mkono wangu na zaidi, ananiangalia tu, hata hakusonga. Juu yake minandi wametandaza mabawa yakauke kama nguo kwa kamba. Na injini huyo kenge angekuwa ameshazama kabla hujajua alikuwepo. Nikasikia pia akina mama ufuoni wakianika omena, wale samaki wadogo, wanasimuliana jambo kwa Kijaluo na kucheka, yaani sauti inakuja juu ya maji kama mko meza moja. (Kwa matete usishuke kukanyaga ovyo, kichocho kipo.)

Asubuhi kabla sijatoka, mzee mmoja wa boti aliniambia, "Mwanangu, saa tano uwe umeshatoka majini." Nikadhani ananitisha tu. Kumbe usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, upepo unatoka bara kwenda majini, jua likishachoma inageuka, upepo unatoka ziwani na mawimbi yake. Mimi nilikuwa bado nazunguka ule upande wa nje saa sita kasoro. Nilipiga kasia nikaangalia mti mmoja ufuoni, nikapiga tena, mti uko palepale. Nikapiga tena. Mti! Vijana waliokuwa wanarudi na nyavu wakanirushia kamba wakanivuta, mmoja akaniuliza kama huko kwetu hatuna saa.

Mzee alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi, anashona wavu. Hakunigombeza. Aliangalia jua, akaniangalia mimi, akarudi kwa wavu wake.

Hiyo usiku hakukuwa na mwezi, na taa za wavuvi wa omena zilijaa mbele yetu mpaka rafiki yangu akauliza ule ni mji gani. Kesho yake nilitoka saa kumi na mbili na nusu, saa nne nilikuwa nimeshamaliza, nakunywa chai.