Waliorudi kutoka Kagera wanastahili chumba chao Mwanza

Baada ya kuanua matanga ya mzee mmoja pale Nyakato, nilimkuta mjukuu wake anafuta pikipiki kwa kipande cha shati la jeshi. Nishani ya babu yake walikuwa wanaichezea watoto uani. Kijana sikumlaumu. Hakuna aliyewahi kumweleza babu yake alivuka Mto Kagera kwenda kufanya nini. Hasira yangu iko kwetu sisi watu wazima.

Mwanza inahitaji makumbusho ya wapiganaji hawa wa vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Madogo tu, yaendeshwe na watu wa kujitolea, na yaanze sasa.

Mtaniambia kuna makaburi ya mashujaa wa vita hiyo Kaboya, kule Muleba, na kila 25 Julai tunawakumbuka mashujaa. Haya, nakubali. Lakini Kaboya ni ya waliolala. Waliorudi je? Wengi hawakuwa hata askari wa kudumu. Walikuwa wanamgambo: wakulima wa pamba, wavuvi, makarani, walioacha kazi zao Mwalimu aliposema, Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sehemu kubwa ya njia waliikata kwa miguu, mpaka Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Wakarudi kwenye nchi iliyoambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, sabuni na sukari ni za foleni, wakashika tena jembe na nyavu. Majenerali wameandikwa. Mwanamgambo wa Magu aliyebeba sanduku la risasi kwenye matope, nani alikaa naye akamuuliza alikula nini, aliogopa lini, rafiki yake alimwacha wapi? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 70 au ameshaipita. Tunawazika na majibu yao.

Tena vita ile ilifika hapa hapa. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Vijana wanaopanda boti kwenda kupiga picha kule, wangapi wanajua?

Fedha si kisingizio. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yametuonyesha kwamba vitu vya nyumbani vikitunzwa kwa heshima, watu huvifuata. Chumba kimoja, kabati la kioo lenye kufuli, daftari ambamo familia inasaini inapokabidhi kitu na inaweza kukirudisha ikitaka. Walimu wastaafu wapo. Wanafunzi wa chuo wapo.

Na wajane wasiachwe nyuma. Wao ndio waliobaki na watoto, wakisikiliza redio kila jioni bila kujua kama mume yu hai. Simulizi zao zirekodiwe kwanza, kwa Kiswahili au Kisukuma, kama watakavyo wenyewe.

Mwenye chumba kisichotumika Kirumba, Igoma au Buzuruga ajitokeze. Mwenye simu inayorekodi vizuri aje nayo Jumamosi moja, tuanze na wazee wa mtaa wake.