Kadi mbili, tumbo moja: nani aulize madhara ya dawa?

Mama wa Newala mwenye sukari na VVU ana kadi mbili. Ya kliniki ya sukari huishika mkononi, ya CTC, kliniki ya VVU, huizamisha chini ya mkoba isionekane. Siku za kliniki hutofautiana, wahudumu nao hutofautiana. Dawa zote humezwa na mtu yule yule.

Tangu 2019, ARV, yaani dawa ya kufubaza VVU, wanayoanzishiwa watu wazima nchini ni kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni dawa nzuri. Hushusha virusi haraka, na wengi waliosumbuliwa na kizunguzungu na ndoto mbaya za efavirenzi, dawa iliyotumika kabla yake, wamepumua. Lakini dolutegraviri huzuia figo kuitoa metformini, dawa ya sukari, mwilini, hata kiwango chake kwenye damu kikapanda kwa karibu asilimia 79. Kwa hiyo anayemeza zote mbili hushauriwa metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Daktari wa sukari asiyeijua kadi ya pili anaweza kuandika 2,000. Mama ataharisha wiki nzima, na ataulizwa amekula nini.

Wapo wahudumu wasiopenda kuuliza habari za madhara. Wanasema ukimtajia mgonjwa maudhi, ataanza kuyaona, kisha ataacha dawa. Kwa ARV hofu hiyo si ya kupuuza, maana kukatiza dozi huwapa virusi nafasi ya kuwa sugu. Tena foleni ni ndefu, na fomu ya njano ya kuripoti madhara kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inataka muda: dawa gani, ilianza lini, nini kilitokea, na nini kingine anatumia.

Bado siikubali hoja ya kunyamaza. Anayeacha dawa kwa sababu ya tumbo haji kuaga. Hupita duka la dawa, au huchemsha mwarobaini, na kliniki hubaki ikimhesabu mtoro. Hata fomu inaogopwa bure. Haimtafuti wa kulaumiwa, wala haimtaki muuguzi awe na hakika. Shaka yake inatosha. Ofisi ya TMDA ya kanda ya kusini ipo hapa hapa Mtwara.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la siri. Tukisema kliniki ya sukari imuulize kila mtu kama anatumia ARV, mama atakana, maana aliyekaa mezani huenda ni jirani yake. Simlaumu hata kidogo.

Ndiyo maana naona swali lianzie CTC. Kule siri yake inajulikana tayari, na sukari si ugonjwa wa kufichwa. Aulizwe anatumia dawa gani za sukari na dozi gani, tumbo likoje, miguu inawaka moto au la. Apimwe sukari pale pale, kwa kuwa kuna watu wachache ambao dolutegraviri yenyewe imewapandishia sukari. WAVIU washauri, yaani wanaoishi na VVU na kuwashauri wenzao, wanaweza kuuliza mengi ya haya wakati mgonjwa anasubiri daktari.

Kliniki ya sukari nayo ina swali lake, la kama mgonjwa atafunga, na kwa Lindi na Mtwara, ambako wengi hufunga, wakati wake ni Shaabani, kabla ya Ramadhani. Glibenklamaidi, dawa nyingine ya sukari, huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Anayeimeza na kufunga aambiwe mapema kwamba akitoka jasho jembamba na kutetemeka mchana, afungue saa hiyo hiyo, na akirudi kliniki aeleze lilivyotokea ili liandikwe.