Kunyoosha mkono si kuokoka
Kwamba maelfu wameokoka kwa sababu walinyoosha mikono na kufuatisha sala ya toba uwanjani, sikubali. Nimehudumu kwenye kamati ya ufuatiliaji baada ya mikutano ya injili: unapiga namba zilizo kwenye kadi walizojaza walionyoosha mikono, nyingi hazipatikani, wengine wanakwambia walipita mbele kuombewa ugonjwa au kazi, na wengine ni washirika wa kanisa la jirani miaka yote. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, mwamko wa kiroho makanisani ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, aliyeokoka alirudisha mali aliyoiba na kuungama hadharani. Sipingi vipaza sauti wala mahubiri ya mtandaoni. Ila bajeti inaishia jukwaani, na waongofu wapya wanaachiwa mwinjilisti mmoja asiye hata na nauli. Huko kwenu nani anawatembelea?