Bibi wa Arobaini na Kipimajoto

Siku ya tisa baada ya kujifungua kwa upasuaji, jirani yangu wa Mbagala alianza kutetemeka. Bibi aliyekuja kumlea mzazi akasema ni baridi ya uzazi, akazidisha maji ya moto ya kumkanda na pilipili manga kwenye uji. Mume akaenda duka la dawa, akarudi na mseto wa malaria na Panadol, bila kipimo chochote. Kesho yake mwanamke anahema kama katoka mbio, maneno hayashikani, na tangu alfajiri hajapata haja ndogo. Hapo ndipo bajaji ilipoitwa, na foleni ya Barabara ya Kilwa mnaijua wenyewe.

Alipona, ila baada ya wiki tatu wodini na operesheni ya pili. Ndugu waliambiwa "maambukizi yameingia kwenye damu". Kwenye karatasi daktari aliandika sepsisi.

Nina ugomvi na hayo maneno ya "kwenye damu". Yakifika mtaani yanageuka "damu chafu", na dawa ya damu chafu kila mtu anaijua: chupa ya mizizi, asubuhi na jioni, siku saba. Sepsisi haikupi siku saba. Na wanaoua si vijidudu peke yao. Kinga ya mwili yenyewe inapotea njia, kama sungusungu walioitwa kumkamata mwizi mmoja wakaishia kubomoa nyumba za mtaa mzima. Mishipa inavuja, presha inashuka, figo, mapafu na ubongo vinakosa damu. Presha ikishaporomoka, miongozo ya kitabibu inataka antibiotiki ianze ndani ya saa 1.

Makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa wagonjwa karibu milioni 49 duniani na vifo milioni 11, yaani kifo kimoja katika kila vitano vilivyotokea duniani mwaka huo. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa watoto chini ya miaka 5.

Wanawake waliojifungua wamo katika hatari hii tangu zamani. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi Aprili walikuwa wakifa zaidi ya 18 katika kila 100. Kufikia Juni wakawa 2 hivi. Wenzake wengi hawakumshukuru.

Wataalamu huhesabu siku 42 baada ya kujifungua. Bibi zetu walishafika arobaini bila wao. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaowacheka. Kwa siku zote hizo yupo mtu mzima analala chumba kimoja na mzazi, anamwosha, anaona anachokula, anajua hata damu ya nifasi ina harufu gani. Nesi gani ana nafasi hiyo? Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa harufu mbaya, homa, tumbo linalouma kuzidi au kidonda kinachotoa usaha si mambo ya kukanda.

Na mtoto je? Tunamsifu: "mpole huyu, hasumbui." Mchanga aliyeacha kunyonya, aliyelegea, mwenye mwili wa baridi au anayepumua mara 60 na zaidi kwa dakika, huyo si mpole, ni mgonjwa. Babu mwenye kisukari naye anaweza asipate homa kabisa; anaanza tu kuchanganyikiwa, tunasema uzee. Wenye VVU wasiotumia dawa, wanaotibiwa saratani, na watoto wenye selimundu, ambao bandama lao huharibika mapema, wote hawa homa yao haingoji kesho.

Siku ya kuruhusiwa, mzazi huwa kachoka, anaitikia kila kitu. Anaambiwa tarehe ya kliniki na chanjo. Bibi yuko nje getini kakalia beseni, ameshika chupa ya chai. Kwa nini asiitwe ndani, dakika tano tu, aambiwe yeye?

Bibi wa jirani yangu yupo Mbagala tena mwezi huu, kwa mjukuu mwingine. Maji ya moto bado anachemsha. Ila kabla ya kukanda anatoa kipimajoto kwenye pindo la kanga, anakipachika kwapani kwa mzazi, kisha anamwita kijana wa darasa la sita aje amsomee namba.