Kochi Lililokataa Mlango

Mama alikuwa ameomba tangi la maji. La lita elfu moja tu, alisema, maana mabati yapo na mvua ya kwetu Maragoli, magharibi mwa Kenya, haijawahi kumnyima mtu. Lakini tangi, jamani, linaletwa, linawekwa nyuma ya nyumba, habari yake inaishia hapo. Nani atakuja kulisifu? Krismasi iliyotangulia binamu yangu wa Nairobi alishusha televisheni pana kama meza ya kulia, na mpaka Pasaka bado nilikuwa naulizwa kama nimeiona. Kwetu Desemba mtu hapimwi kwa mshahara, hupimwa kwa kinachoshushwa kwenye keria.

Chama chetu cha akiba kilipogawana pesa nikaenda moja kwa moja Kibuye, pale mafundi wa Kisumu wanapopanga viti kando ya barabara. Nikaagiza kochi la kona, la watu saba, mahameli ya rangi ya maziwa.

"Nikufanyie vipande viwili, omera, uviunge huko kwenu?" fundi akauliza.

Nikamwambia kiungo kitaonekana. Akauliza mlango una futi ngapi. Nikamjibu ni mlango wa kawaida tu. Akanitazama kidogo, akalamba penseli, akaandika.

Tarehe 23 tukapakia. Mwenye pikapu alikuwa amepandisha bei mara mbili, akasema ni Krismasi kwake pia. Mimi nilikaa nyuma, juu ya kochi lenyewe, ili lisiyumbe; hiyo ndiyo sababu niliyompa dereva. Kondele, Mamboleo, Kiboswa, mlima wote hadi Majengo, nilipunga mkono hata kwa watu nisiowajua.

Ukoo ulikuwa uani ukingoja. Mama akapiga vigelegele, akalizunguka kochi, akaligusa kwa kidole kimoja juu ya nailoni. Kisha akatazama mlango. Kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu.

Ukitaka kujua kijiji kina wahandisi wangapi, leta kitu kisichoingia mlangoni. "Lilazeni!" "Lisimamisheni!" "Tangulizeni mgongo!" Mwalimu mmoja mstaafu akatoa futi yake ya utepe, akapima huku, akapima kule, akavua miwani na kutangaza: mlango ni futi tatu kasoro, kochi ni futi nne na ushee, "na hesabu haina Krismasi." Tukang'oa miguu ya kochi. Tukang'oa na mlango wenyewe. Dirisha lina vyuma. Simba yangu, kile kijumba changu cha ujana? Huko hata kitanda kiliingia kwa kubembelezwa.

Ndipo binamu, kwa upole mwingi ambao sikuupenda, akapendekeza tubomoe ukuta kidogo tu.

Mama akasimama kwenye mlango usio na mlango, mikono kiunoni. "Ukuta huu baba yenu aliujenga kwa bonasi ya chai. Atakayeleta nyundo aanze na mimi."

Kochi likalala chini ya mparachichi. Na mimi nikalala nalo, maana mahameli ya bei ile hayaachwi nje peke yake. Mke wangu alinirushia blanketi na turubai, akarudi ndani akicheka mpaka nikamsikia kupitia ukuta ule ule wa chai. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akienda kukamua akasimama njiani, akainamisha sauti: "Mwanangu, mmekosana na nani?"

Krismasi yenyewe, watu walipotoka kanisani, kila aliyekula kuku kwetu alitaka kuonja kochi. Nikaruhusu, kwa sharti kwamba nailoni haitolewi. Sasa jua la saa nane likaipata ile nailoni. Senge, yaani shangazi yangu, ambaye si mwanamke mwepesi, alikuwa amekaa katikati na bakuli la mrenda, ile mboga ya kuteleza, mapajani. Akaitwa kwenye picha. Akainuka, na nailoni ikainuka naye, imemganda nyuma ya magoti, ikilia kraaa kama ya kuchanika, kwa sababu ilikuwa inachanika. Bakuli likapinduka. Mrenda, kwa asiyeujua, haumwagiki ukakoma. Unaendelea na safari. Ulipita kwenye ule mpasuko ukaingia mahamelini taratibu, watu wote tukiutazama, na aliyekuwa na simu hakuacha kupiga picha.

Tarehe 26 kijiji kizima kilishuka Mbale, ile ya Vihiga, kwenye sherehe za utamaduni wa Wamaragoli, zinazofanyika kila mwaka siku hiyo. Nikabaki mlinzi. Turubai nalo lilikuwa limeazimwa, liko Mbale linastarehe. Mchana mbingu ikafunga. Nilijaribu kulivuta kochi hadi kwenye baraza. Kochi la kubebwa na wanaume sita halimjui mwanamume mmoja. Mvua ikashuka. Maji yakamiminika kutoka kwenye mabati, mazuri, mengi, yakitafuta tangi.

Mama aliporudi, alipanga sufuria zake chini ya mabati kwanza. Halafu akaja mparachichini, akachukua mto mmoja, akaukamua kwa mikono miwili.

"Kumbe linaweka maji pia," akasema. "Linabeba lita ngapi?"

Baada ya sikukuu, kochi lilipokauka, fundi wa pale kijijini akalikata kwa msumeno. Kipande kifupi kiliingia bila hata kugusa fremu. Mama amekitandika vitambaa vyake vyote vya kufuma, na haruhusu mtu kukikalia. Kirefu kilikwenda kwa Senge, mwenye mlango wa pande mbili. Jana amenipigia. Amesikia mito yake ilibaki kwa mama, anauliza italetwa lini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kisumu, nimfikirie na kitambaa kipya, maana kipande alichopewa kinanuka mrenda na hajui ni nani aliyeumwaga.