Kisima kimoja kisifunge shamba zima

Nchini Marekani mtu binafsi anaweza kumiliki mafuta na gesi iliyo chini ya shamba lake, na kuikodisha kwa kampuni. Mkataba huwa na muda wa awali, mara nyingi miaka 3 au 5. Muda huo ukipita, mkataba unabaki hai mradi kuna uzalishaji. Mgogoro unaanzia hapo. Tuseme shamba lina ekari 640, na ekari 40 tu zimeunganishwa na za majirani kwa ajili ya kisima kimoja. Je, zile 600 nazo zimeshikiliwa?

Mwaka 1947, katika kesi ya Hunter dhidi ya Shell, Mahakama ya Juu ya Louisiana ilisema ndiyo. Wakili Lawrence Pugh wa mji wa Crowley akaandika kifungu cha kuzuia hilo: kisima kishikilie ekari zilizo ndani ya eneo lake, nyingine zirudi kwa mwenyewe. Kifungu hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Oklahoma ilikiweka katika sheria mwaka 1977, kwa maeneo ya visima yenye ekari 160 na zaidi.

Kuhusu ekari, sioni ubishi mkubwa. Kampuni isiyochimba haina sababu ya kukalia ardhi ya mtu miaka 30.

Kuhusu kina, yaani kifungu kirudishe pia tabaka za mwamba zilizo chini ya zile zinazozalisha, hoja za kampuni zina uzito. Tabaka za chini zikirudi kwa mwenye ardhi naye akazikodisha kwa mwingine, kampuni 2 zitagombea barabara na uwanja uleule, na wa chini lazima atoboe tabaka la mwenzake. Aliyetumia fedha kuupima mwamba pia hutaka nafasi ya kuurudia.

Lakini tazama eneo la gesi la Haynesville, Louisiana, mwaka 2008. Gesi ilitafutwa kwenye mwamba wenye kina cha zaidi ya futi 10,000, huku mashamba mengi yakiwa yameshikiliwa na visima vifupi vya zamani. Wasio na kifungu cha kina walikosa malipo ya kusaini mkataba mpya, na wengine walibaki na mrabaha (fungu lao la mapato ya gesi) wa moja ya nane wakati majirani wakidai robo. Hasara hiyo hurithiwa na watoto.

Kwa hiyo mwenye ardhi adai vyote viwili, ekari na kina, na asome maneno kwa makini. Kifungu kikiacha kwa kampuni "futi 100 chini ya kina kilichochimbwa", inatosha kampuni itoboe shimo refu la majaribio ili ibaki na tabaka zote. Kiandikwe "chini ya tabaka linalozalisha". Kampuni nayo ipewe muda wa haki: ikiendelea kuchimba kisima baada ya kisima bila kusimama, kwa mfano ndani ya siku 180 kati ya kimoja na kingine, isinyang'anywe kitu.

Kampuni nazo zisome. Kampuni ya mafuta ya Endeavor, ambayo mkataba wake uliiachia ekari kwa kila kisima, iliandika kwenye fomu zake za serikali takriban ekari 81 kwa kila kimoja, ingawa kanuni ziliruhusu hadi 160. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Texas iliiachia zile 81 tu.